Ng'ombe mmoja hukojoa mifuko miwili ya potashi kwa mwaka

Hesabu yenyewe ni hii. Ng'ombe wa maziwa anayekula kilo 10 za majani kwa siku (uzito mkavu, maji ukiyaweka kando), majani yenye asilimia 2 ya potasiamu (kirutubisho cha mmea), anaingiza tumboni gramu 200 za potasiamu. Akikamuliwa lita 10, zinazoondoka na maziwa ni gramu 15 tu, maana lita moja hubeba kama gramu moja na nusu. Zilizobaki karibu zote zinatoka kwa nyuma, na robo tatu yake au zaidi ipo kwenye mkojo, siyo kwenye kinyesi. Chukua gramu 145 zilizomo kwenye mkojo, zidisha kwa siku 365, unapata kilo 53.

Sasa geukia dukani kwenye pembejeo. Mfuko wa kilo 50 wa MOP, yaani potashi ya dukani (kloridi ya potasiamu), umeandikwa 0-0-60: asilimia za naitrojeni, fosforasi na potashi. Hiyo 60 ni ya oksidi, K2O. Ukitaka potasiamu yenyewe zidisha kwa 0.83, ibaki karibu asilimia 50, yaani kilo 25 kwa mfuko. Kwa hiyo ng'ombe mmoja aliyefungwa kwenye sakafu ya saruji Goba, Kigamboni au Chanika, hapa Dar es Salaam, anamwaga mtaroni mifuko miwili na kidogo kila mwaka, huku mwenye ng'ombe akiuliza kwa nini majani tembo yake yamedumaa.

Potasiamu ina tabia moja inayoitofautisha na naitrojeni: hairuki. Mkojo ukichacha na kunuka, ujue naitrojeni inapaa hewani, lakini potasiamu imebaki palepale kwenye pipa. Haipotei, inahama. Swali la malisho yoyote, yawe ya mlimani au ya pwani, ni inahamia wapi.

Mahali ambapo uhamaji huu unaonekana kwa macho bila maabara ni malisho ya milima ya Alpi, kule Uswisi na Austria. Ng'ombe hupandishwa mlimani kiangazi cha huko, karibu na Juni, na kushushwa Septemba. Mchana wanachunga kwenye miteremko. Usiku wanalala sehemu tambarare, karibu na kibanda cha mchungaji na maji. Wanakula juu, wanakojoa chini, siku baada ya siku. Baada ya miaka mingi ile sehemu tambarare inajaa potasiamu kuliko mmea unavyoweza kutumia, na mteremko unafunga saumu. Kuzunguka vibanda huota Rumex alpinus, mmea wa majani mapana kuliko sahani ya pilau, ambao ng'ombe hawautaki. Hata pale kibanda kilipoachwa miongo kadhaa iliyopita, duara lake bado lipo. Juu mtelemkoni, pale udongo ulipochoka, unakuta Nardus stricta, nyasi ngumu kama waya. Malisho ni yale yale, mwenye nayo ni mmoja.

Huko wana bahati moja ya kijiolojia. Penye miamba ya graniti na gneisi, udongo una mika na feldispa, madini yenye potasiamu ndani yake. Nyingi imefungiwa, mmea hauwezi kuifikia. Ila mwamba unavyomomonyoka inaachiwa kidogo kidogo. Na kwa kuwa kinachotoka mlimani ni maziwa na ndama tu, mwamba unaweza kulipa deni hilo. Penye miamba ya chokaa akiba hiyo ni ndogo na makosa yanaonekana mapema. Ndiyo maana tunasema uendelevu wa malisho, kwa upande wa potasiamu, hauishii kwenye idadi ya ng'ombe. Ng'ombe wachache wanaolala sehemu moja miaka yote watauchosha mteremko vilevile, ila polepole. Wafugaji makini wa kule huhamisha uzio, huweka jiwe la chumvi na maji juu, mbali na kibanda, na samadi ya bandani huirudisha kwenye malisho.

Pwani hatuna mika ya kutuokoa. Udongo wetu mwingi ni kichanga, na mchanga haushiki potasiamu. Masika moja nzito inatosha kuiteremsha chini ya mizizi. Kwa anayechunga Kisarawe au Mkuranga, "kibanda cha mchungaji" ni kivuli cha mwembe au mkorosho ambapo kundi linapumzika saa sita mchana. Chini ya mti ule pana utajiri, pembeni hakuna kitu. Kwa anayefugia ndani ni kibaya zaidi, kwa sababu majani yanakwenda bandani na hakuna kinachorudi. Ekari moja ya majani tembo ikitoa tani 4 kavu kwa mwaka inaondoka na kilo 80 za potasiamu. Hiyo ni mifuko mitatu na ziada.

Linganisha na kilichomo ardhini. Majibu ya maabara huja kwa senti-moli kwa kilo. Chini ya 0.2 huhesabiwa kuwa ni kidogo, 0.2 hadi 0.4 wastani. Senti-moli moja ya potasiamu ni miligramu 391, hivyo 0.2 ni miligramu 78 kwa kilo ya udongo. Kwenye ekari ya kichanga, sentimita 20 za juu, hiyo ni kama kilo 95. Unavuna 80 kwa mwaka kutoka kwenye akiba ya 95! Mwaka wa kwanza hutaona kitu. Wa pili ncha na kingo za majani ya chini, yale ya zamani, zinageuka njano kisha kahawia kama zimeunguzwa na moto, katikati pakibaki kijani. Usichanganye na njaa ya naitrojeni, ambayo njano yake huanzia ncha na kushuka katikati ya jani. Ukiwa umechanganya desmodiamu (mkunde wa malisho) na nyasi, desmodiamu ndiyo itakayotangulia kufa, kwani mizizi ya nyasi ni hodari zaidi wa kunyang'anya potasiamu.

Kuchukua sampuli ndiko watu wanakoharibu. Doa moja la mkojo ni lita 2 hivi kwenye eneo lisilofika nusu mita ya mraba. Hapo potasiamu ni sawa na kumwaga mamia ya kilo kwa hekta. Koleo lako likiangukia madoa mawili tu kati ya kumi, jibu litasema shamba limeshiba. Epuka chini ya miti, getini, penye maji na penye majani yaliyonawiri kwa mviringo. Tembea kwa zigizaga, chota sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 10 kwa malisho ya kuchungia na 20 kwa shamba la kukata. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, punguza hadi ibaki nusu kilo, anika kivulini. Mfuko uliobeba mbolea au jivu usiuguse kabisa; vumbi lake tu linatosha kudanganya. Sehemu yenye kivuli ipime peke yake kama unataka kujua uhamaji ulivyo. Septemba, kabla ya vuli, ni wakati mzuri, na mwaka mwingine rudi mwezi uleule. Maabara za udongo zipo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga.

Dawa ya kwanza ni sakafu. Iteremke sentimita 2 kwa kila mita, iishie kwenye mfereji mwembamba unaoingia pipa la lita 200 lenye kifuniko. Zoa kinyesi kwanza kwa koleo, ndipo uoshe, na maji ya kuoshea yaende kwingine. Vinginevyo pipa linajaa maji machafu siku ya pili na unachoka kulibeba. Ukikinga lita 10 kwa siku, miezi miwili inakupa madumu 30 ya lita 20. Baada ya kila mkato, dumu moja la mkojo kwa mita za mraba 50, ukilizimua kwa maji mara tatu, kati ya mistari, udongo ukiwa na unyevu. Usimwage juu ya machipukizi wala jua la saa saba. Asiye na mfereji atandaze maranda au majani makavu yanywe mkojo, kisha lundo lifunikwe kwa turubai. Yale maji ya rangi ya chai yanayochuruzika kwenye lundo lililonyeshewa ndiyo potasiamu yenyewe inayokuaga.

Jivu linafaa, hasa la makumbi ya nazi, ambalo linazidi jivu la kuni kwa potasiamu. Lakini lisichanganywe na mkojo wala samadi mbichi: jivu ni kali kinyume cha asidi, linafukuza naitrojeni papo hapo. Ukiweka kimoja, subiri wiki mbili ndipo uweke kingine, na kama udongo wako tayari hauna asidi, usizidishe.

Ukinunua MOP, gawa mara tatu au nne, kila mara baada ya kukata. Ukiweka yote kwa pamoja mkato wa kwanza unaila kwa ulafi, kupita mahitaji ya mmea, na masika inachukua salio. Kisima chako kikiwa na chumvichumvi, kama vilivyo baadhi Kigamboni, afadhali ulipe zaidi uchukue salfeti ya potasiamu, maana MOP inaongeza kloridi.

Majani yaliyoshiba hivyo yana mtu mmoja yasiyemfaa: ng'ombe aliyekaushwa (aliyeachwa kukamuliwa), wiki tatu za mwisho kabla ya kuzaa. Potasiamu nyingi inavuruga uwezo wake wa kutoa kalisi mifupani na kupokea magnesi, na homa ya maziwa, yaani kuishiwa kalisi kwenye damu, inamkuta siku anayozaa. Mkatie kwenye kipande kisichowekwa mkojo, na molasi mpunguzie, nayo ina potasiamu nyingi mno. Akishazaa, mrudishe kwenye majani ya kawaida.