Nilivyopamba paneli za kufyonza sauti bila kuziziba

Chumba tunachorekodia kwaya yetu hapa Moshi kina paneli za pamba ya mawe (nyuzi zinazotengenezwa kwa mwamba ulioyeyushwa) zenye unene wa sentimita 5, zilizovishwa kitambaa cha kijivu ambacho wanakwaya hawakuwahi kukipenda. Paneli ya aina hii hufanya kazi kwa sababu hewa inayotikiswa na sauti hupenya kitambaa na kuingia kati ya nyuzi, ambako msuguano huigeuza nguvu yake kuwa joto dogo mno. Ukiziba kitambaa, sauti nyembamba za juu ndizo za kwanza kugonga na kurudi.

Fundi mmoja wa rangi alisisitiza kwamba rangi ya maji ya ukutani haina madhara kwa kuwa ni nyepesi; mwingine alitaka kutuchorea wanyama wa Tingatinga kwa rangi ya mafuta. Nilimpa yule wa kwanza paneli moja ya akiba na kumwomba apake nusu tu. Ilipokauka, niliweka midomo kwenye nusu isiyopakwa nikapuliza, na pumzi ikapita bila shida. Kwenye nusu iliyopakwa pumzi yote ilinirudia usoni, na kitambaa kilikuwa kimekakamaa kama turubai. Fundi akapuliza mwenyewe, akarudia tena, kisha akasema, "Kaka, kweli hapa hewa haipiti." Tangu hapo sinunui kitambaa dukani kabla ya kukipuliza, na wauzaji wamenizoea.

Suluhisho nililipata Soko la Memorial, kwenye mashuka meupe ya pamba ya mitumba. Yamefuliwa mara nyingi hata hayana tena wanga wa kiwandani, na gharama yake yote haikufikia nusu ya bei ya kitambaa maalumu cha kuagiza. Tuliyafunga kwa kamba na kuyachovya kwenye rangi ya nguo, ambayo huingia ndani ya nyuzi badala ya kutanda juu yake. Batiki pia inafaa, ila nta yote lazima itolewe kwa maji yanayochemka, kwani inayobaki huziba vitundu vilevile tunavyovihitaji. Kwa paneli za mbele nilitumia khanga, nikiziloweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka zikalainika, kisha nikanyoosha pindo sambamba na fremu na kupiga stepla kwa nyuma, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Gundi haikugusa uso wa paneli hata moja. Unapovua kitambaa cha zamani, vaa glavu na barakoa, maana nyuzi za pamba ya mawe zinawasha sana.

Mwalimu wa kwaya alitaka nembo yetu ichongwe kwa mbao na ikae katikati ya ukuta. Tulikubaliana iwe ndogo, ifungwe kwenye fremu ya paneli moja tu karibu na mlango, mbali na maikrofoni.