Nilivyojifunza kuhesabu mapigo ya moyo ya mwanangu

Mwanangu ana miaka 9 na mtindio wa ubongo. Miguu yake hukakamaa, anatembea kwa fremu. Zamani, kila akivuka uwanja nikamwona anahema, namkalisha. Nikimwekea kiganja kifuani na kusikia moyo unavyodunda, mazoezi yameisha siku hiyo. Niliogopa utamshinda.

Daktari alimpima, akakuta moyo hauna tatizo. Ndipo mtaalamu wa viungo akaniambia, "Mama, kazi kubwa iko miguuni." Misuli ya kukunja goti na ya kulinyoosha inavutana kwa wakati mmoja, hivyo hatua yake moja yaweza kula nguvu mara 2 au 3 ya hatua ya mtoto mwingine. Misuli inadai oksijeni, moyo unaongeza kasi kuipeleka. Matembezi ya wenzake kwake ni mbio. Na kule kumkalisha kila mara kulimfanya achoke upesi zaidi. Hilo liliniuma sana.

Nikafundishwa kuhesabu: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Nisitumie gumba langu, maana lina mapigo yake. Tabu ni kwamba akishaishika fremu mkono wote unakaza, mapigo yananipotea. Nikahamia shingoni, kando ya koromeo, upande mmoja tu, bila kukandamiza. Lazima uhesabu papo hapo, ukichelewa yameshashuka.

Siku ya kwanza alikuwa na 92 akiwa ametulia, 168 baada ya kuvuka uwanja, na dakika 2 baadaye bado 140. Ile hesabu ya 220 kutoa umri, ya kukadiria kiwango cha juu cha mapigo, niliiacha, haiwafai watoto. Nilimsikiliza anavyoongea: akiweza kusema sentensi fupi, tunaendelea. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, tunaacha. Akiwa na homa hatuanzi kabisa, maana homa yenyewe hupandisha mapigo.

Tulianza na dakika 3 za mwendo na mapumziko marefu, siku 3 kwa wiki, tukafika dakika 20. Baada ya miezi 3, uwanja uleule, kwa mwendo uleule: 152. Dakika 2 baadaye, 116.

Siku hizi anajihesabia mwenyewe. Jana nilitaka kumnyanyua akanizuia, vidole viko shingoni, midomo inahesabu kimyakimya. "Ngoja kidogo, mama, moyo bado unakimbia." Tukangoja.