LinkedIn yako unamwandikia nani?

Tuanze na ule mstari unaokaa chini ya jina lako LinkedIn, huu mtandao wa mambo ya kazi, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Wanakupa herufi 220 pale, na mtu anaandika "Natafuta nafasi mpya" basi, kamaliza. Sasa jiulize, rikruta, yaani yule anayetafutia kampuni wafanyakazi, akikaa kwenye kompyuta yake anatafuta nini? Anaandika "mhasibu", anaandika jina la programu anayotaka mtu aijue, anachagua na mji, inamtokea listi ya watu. Sidhani kama kuna rikruta anayeandika "natafuta nafasi mpya" kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa hiyo wewe na ujuzi wako wote ile listi haumo, halafu unakaa unalalamika mtandao huu hausaidii kitu.

Mdogo wangu alinitumia yake niipitie, nikakuta kaandika "Kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye ari ya kujifunza, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Nikamwambia dogo, hizi ni sifa za kupeleka posa. Hebu niambie kule kazini ulikuwa unafanya nini hasa? Akaanza kutiririka, nilikuwa naandaa mishahara, napeleka makato, nafunga hesabu za mwezi, na tulipotoka Excel kwenda QuickBooks, ile programu ya uhasibu, mimi ndo nilihamisha data yote. Nikamwambia umeona, hayo ndo uandike, hivyo hivyo ulivyonisimulia. Mstari ukawa "Mhasibu | Mishahara na makato | Kufunga hesabu za mwezi | QuickBooks, Excel". Hauna mbwembwe, lakini kila neno pale ni neno ambalo mtu mwenye kazi anaweza kulitafuta.

Kama hujui uweke maneno gani, fungua matangazo kadhaa ya kazi unayoitaka, usiapplai kwanza, soma tu uone maneno gani yanajirudia, kisha yale ambayo kweli unayaweza yatie kwenye profaili yako, na uandike kwa lugha ileile ya hayo matangazo. Nasema unayoyaweza kweli kwa sababu kwenye intavyuu utaulizwa. Na kama kampuni ilikupa cheo cha ajabu ajabu ambacho nje ya pale hakuna anayekijua, weka na jina la kawaida la hiyo kazi pembeni, hujadanganya, umefafanua.

Ile sehemu ya maelezo inachukua herufi 2,600 lakini msomaji anaoneshwa mistari michache ya juu tu mpaka abonyeze kuona zaidi, kwa hiyo ukianza na "Tangu nikiwa mtoto nilipenda namba" umeshampoteza. Anza na kazi. Picha iwe inaonesha sura vizuri, inatosha. Premium, ile akaunti ya kulipia, sikushauri uanze nayo, ingawa watakusukumia kila kona, Microsoft waliununua huu mtandao kwa zaidi ya dola bilioni 26 mwaka 2016 kwa hiyo msishangae wakitaka hela yao irudi. Akaunti ya bure inatosha kabisa kuanzia.

Sasa ile fremu ya kijani inayozunguka picha yako kuonesha unatafuta kazi. Wapo wanaosema inakufanya uonekane una shida, mimi naona kama huna kazi weka tu, watu wako wakuone, wengine hata hawajui kama uliacha ile ya zamani. Ila kama bado uko kazini usiiweke, kuna chaguo la pili ambalo wanaokuona ni marikruta tu bila fremu. Hapo napo kuwa makini maana LinkedIn wanajitahidi kukuficha kwa marikruta wa kampuni yako lakini wenyewe wanasema hawawezi kukuhakikishia asilimia mia. Na kabla hujaanza kurekebisha chochote nenda kwenye setingi uzime ile ya kutangazia watu mabadiliko ya profaili, la sivyo bosi ataanza kujiuliza kulikoni leo.

Halafu kuna suala la mesej, na hapa ndo naona watu wanaharibu zaidi. Mtu hakujui, umemwomba konekshen, kakubali, dakika hiyohiyo "Habari, naomba unisaidie kazi" na CV juu. Akusaidie kazi gani? Muulize kitu anachoweza kukujibu kwa sentensi mbili, kwa mfano "Habari, nimeona mmetangaza nafasi ya mhasibu. Nimefanya mishahara na QuickBooks. Je, nafasi hii ni ya mishahara zaidi au ya ripoti?" Akijibu, mmeshaanza mazungumzo, na hapo akifungua profaili yako akute maneno yaleyale. Asipojibu mwache, usimfuate hadi Facebook jamani.

Na ukianza kuonekana, matapeli nao watakuona. Wanakuja na ofa nzuri, hakuna intavyuu ya maana, wanataka mhamie WhatsApp haraka, kisha inakuja "ada ya usajili" au "hela ya vipimo". Ukisikia hela tu, ingia tovuti ya hiyo kampuni yenyewe uangalie kama nafasi ipo na uwaulize kwa mawasiliano ya pale, na huyo aliyekuandikia mripoti, kuna kitufe hapohapo kwenye profaili yake.