Siku moja na spana yangu, Qiddiya

Saa kumi kasorobo alfajiri, Agosti 2024. Basi la kambi limewasha injini na hewa tayari ni ya moto.

Saa kumi na moja tumeshaswali, tunasikiliza habari za usalama. Mimi nasubiri moja tu: upepo. Ukivuma kupita kiasi, kreni hainyanyui kitu.

Saa kumi na mbili nafunga mkanda, napanda. Hapa, nje ya Riyadh, tunajenga Falcon's Flight, rolakosta, yaani treni ya burudani, itakayofika mita 195 kwenda juu na kukimbia kilomita 250 kwa saa, ikisukumwa na sumaku za umeme. Formula Rossa ya Abu Dhabi, inayoongoza kwa kasi tangu 2010, hufika 240. Hii yetu itatumbukia kutoka jabali la Tuwaiq, na kila nikilitazama jabali lile mwili unanisisimka.

Kipande cha reli kinashuka taratibu, wenzetu chini wakikizuia kwa kamba kisizunguke. Tundu likutane na tundu. Kiungo kikipishana hata kidogo, kwa mwendo ule magurudumu yatakigonga kila treni ipitapo. Tunachomeka bolti kwa mkono, kisha tunakaza kwa zamu, upande huu na wa pili, mpaka kipimo kitimie. Mwisho nachora mstari wa rangi kuvuka nati na chuma. Nati ikisogea, mstari unakatika, na mkaguzi anauona.

"Kaka, hii si imeshakaza?" ananiuliza kijana wa Tanga.

"Soma kipimo, mdogo wangu. Mkono unadanganya."

Saa sita tunashuka. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, sheria ya Saudia inakataza kazi juani mpaka saa tisa. Nalala kama gogo.

Jioni naona mstari mmoja umekatika. Bolti iliyokwisha kukazwa kwa nguvu kamili hairudishwi, kwa hiyo naitoa, naweka mpya. Msimamizi anataka tuendelee mbele. Namwomba asubiri, anasubiri.

Saa mbili usiku napiga simu Likoni. Saa za huku na za nyumbani ni zilezile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefunga bolti ngapi leo?"

"Arobaini na nane. Moja nimeirudia."

"Ukairudia vizuri?"

"Vizuri, mama."