Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Kiingereza na vijineno vyake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ililia, na kabla sijafumbua macho vizuri nilikuwa nimekwisha kukutana na kitenzi cha kwanza cha siku chenye kijineno, yaani neno fupi kama “off” au “up” linalokifuata kitenzi na kukibadilisha maana. Kwa Kiingereza, kengele ikilia husemwa “the alarm went off”, ilhali mwanafunzi aliyezoea kwamba “off” ni kuzima huelewa kinyume chake kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuteleza hapo nilipokuwa bado mgeni kazini: nilimwandikia mkuu wangu kwamba nimechelewa “because my alarm went off”, nikidhani nimemweleza kuwa kengele ilizimika usiku, naye akanijibu, kwa haki kabisa, kwamba kengele za wenzangu nazo zililia na wao wamefika. Nililala tena dakika kumi. Kwa hiyo, kwa hesabu ya Kiingereza, nilikuwa nimefanya “wake up” lakini bado sijafanya “get up”, kwa kuwa la kwanza ni kuzinduka usingizini na la pili ni kutoka kitandani, mambo mawili ambayo kuamka kwetu huyabeba pamoja bila kulalamika.

Saa mbili asubuhi nilikuwa na wanaoanza, na somo lilikuwa tofauti ya “put on” na “wear”. Vitabu vingi huizungusha tofauti hii kurasa nzima, ingawa Kiswahili kimekwisha kuimaliza kwa kiambishi kimoja: anayeingiza mkono kwenye koti anavaa, “he is putting on a coat”, na ambaye koti liko mwilini tayari amevaa, “he is wearing a coat”. Tulimaliza mapema.

Saa nne ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa darasa la watu wazima wanaotumia Kiingereza maofisini. Niliandika ubaoni “turn off the light” na “turn the light off”, zote sahihi. Kisha nikaeleza kwamba taa ikigeuzwa kuwa kiwakilishi “it”, ni lazima kikae katikati, “turn it off”, na kwamba “turn off it” haisemwi. Mama mmoja, ambaye hakubali jambo mpaka alipekue, aliinua mkono.

“Mwalimu, mbona basi tunasema ‘look at it’ na hatusemi ‘look it at’?”

Swali lake lilinipendeza kuliko jibu nililokuwa nimeliandaa. Vitenzi hivi havina alama usoni, lakini sikio husaidia: katika “turn it off” sauti hupanda kwenye “off”, na katika “look at it” hupanda kwenye “look”, huku “at” ikipita haraka kama haipo. Kijineno chenye mkazo ndicho kinachoruhusu kiwakilishi kutangulia. Tulisoma kwa sauti sentensi hizo na nyingine za aina yake, “pick it up”, “wait for it”, “put it off”, mpaka mama yule akaanza kuwasahihisha wenzake.

Baada ya chakula cha mchana kijana mmoja alilalamika kwamba “put up with”, yaani kuvumilia, haina kuweka, haina juu, wala haina pamoja. Hayuko peke yake, kwani Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vinavyofuatwa na vijineno ndivyo vinavyowatesa wageni zaidi. Badala ya kumtetea Mwingereza, nilimuuliza kijana huyo: mtu akipiga simu, akapiga pasi, akapiga deki, halafu akapiga chafya, ni nani hapo aliyepigwa? Darasa liliangua kicheko, naye akaandika “put up with” kwenye daftari kama neno moja, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo sahihi, kwa sababu kulifasiri kipande kipande hakumfikishi mtu popote.

Saa kumi jioni nilieleza kwa kifupi kwa nini, kwa maana ya kuahirisha, “postpone”, lenye asili ya Kilatini, hufaa katika barua rasmi, na “put off” katika mazungumzo ya kawaida.

Saa moja usiku nilibaki na rundo la madaftari. Wengi walikuwa wamekiweka kiwakilishi mahali pake, na nilifurahi. Daftari la mwisho kabisa lilikuwa na sentensi safi, yenye hati nzuri: “Every evening I look for my mother.” Alikusudia “look after”, kwamba kila jioni humtunza mama yake, lakini kwa kijineno kimoja tu, mama amepotea na kila jioni anatafutwa. Niliizungushia “for” duara bila kuandika neno. Kesho, kabla ya somo, nitamuuliza kama ameshapatikana.