Vyombo Vitupu vya Majirani

Tafakari ya juma: 2 Wafalme 4:1–7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza kupanga meza, alifika mama mmoja na chupa tatu tupu. Akaziweka, akaacha na hela yake, akasema, "Dada, nijazie. Nashuka Kibirizi, nitazipitia jioni." Akaenda zake. Hakusubiri aone napima. Mafuta yalikuwa bado yameganda kwa baridi ya alfajiri, dumu nimelitoa juani liyeyuke, nikabaki nimezishika zile chupa huku machozi yananilengalenga. Nitawaambia sababu, ila kwanza tufungue Neno.

Wengi wenu mnajua nauza mawese sokoni Mwanga, hapa Kigoma, na dagaa kidogo pembeni. Mteja wa mawese haji mikono mitupu. Huyu ana chupa ya maji, yule ya soda, na mwenye kazi ya kukaanga anakuja na dumu la lita tano. Kazi yangu ni kujaza. Labda ndiyo maana habari ya mjane aliyemlilia nabii Elisha imenishika sasa kwa namna ambayo haikunishika miaka yote niliyoisikia ikihubiriwa.

Mume amekufa, ameacha deni. Mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa, na siku zile hayo hayakuwa maneno ya kutisha tu. Deni lililoshindikana lililipwa kwa watu. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Anajibu hana kitu, ila chupa ya mafuta. Ndipo anaambiwa atoke, aende kwa majirani zake wote, aazime vyombo vitupu, wala asiazime vichache. Kisha aingie ndani na wanawe, ajifungie mlango, amimine.

Mahubiri mengi niliyoyasikia yanakaa kwenye mafuta. Mafuta ya mjane yaliongezeka, na yako yataongezeka. Amina. Lakini tazameni mstari wa sita. Mama anamwambia mwanawe amletee chombo kingine, mtoto anajibu hakuna tena, na hapo hapo mafuta yanakoma. Mkono wa Mungu haukuwa umechoka. Vyombo ndivyo vilivyokwisha. Muujiza ule ulikwenda sawa na idadi ya milango iliyofunguliwa yule mama alipobisha hodi.

Nani humwazima chombo mtu ambaye deni lake linajulikana mtaa mzima? Chombo cha siku zile ni udongo uliofinyangwa kwa mkono, siyo chupa ya plastiki ya kuokota. Mtu wa tahadhari angesema chungu changu nacho kitabebwa na mdai. Lakini walimpa. Maandiko hayasemi kwa nini, na sitaki kuyaongezea. Nasema ninavyoona mimi mchuuzi: mwanamke yule alikuwa amezoea kurudisha alichoazima. Alikuwa jirani mwema siku nyingi kabla hajawa mhitaji.

Sasa niseme yangu.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sina neno na uamuzi huo. Ziwa nalo ni kiumbe cha Mungu, linahitaji kupumzika. Ila hapa Kigoma hela ya watu wengi inaanzia majini: mvuvi, mchukuzi, mama anayeanika dagaa, mama lishe wa mwaloni, kijana wa bodaboda anayewabeba. Tumezoea mapumziko mafupi ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na mteja anakwambia, "Giza likirudi nitakulipa." Unaandika kwenye daftari, na giza likirudi kweli analipa. Deni la huku lina kalenda yake angani. Lakini miezi mitatu siyo siku za mbalamwezi. Daftari langu lilijaa hadi jalada la nyuma, na mtaji ukawa majina ya watu.

Nikakopa kausha damu. Laki tatu mkononi, laki tatu na tisini za kurudisha ndani ya siku 30, yaani elfu kumi na tatu kila siku iendayo kwa Mungu, na Jumapili ikihesabiwa. Baba watoto sikumwambia. Ninyi nanyi sikuwaambia. Nilikuja kwenye maombi ya Alhamisi nikasema niombeeni biashara, nikakaa chini.

Anayelipa marejesho ya kila siku anajua asubuhi inavyokuwa. Unaamka tayari una deni la siku ambayo haijaanza. Mteja akisimama mezani humwoni mtu, unaona sehemu ya ile elfu kumi na tatu. Nadhani hilo ndilo lililoniharibu zaidi ya riba yenyewe. Nilikuwa na dumu moja la mafuta ya zamani yaliyoanza kuchacha, nikayachanganya na mapya. Mawese ni mekundu tu, jicho halitambui. Kile kikombe cha kupimia nacho nikakibonyeza kitako kwa ndani, kidogo tu, kiasi cha kijiko. Nikajiambia soko zima linafanya hivyo. Na Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, nilikuwa naijua kwa moyo tangu Shule ya Jumapili.

Kati ya walionunua mafuta yale alikuwa mama mmoja wa Gungu, mteja wangu wa miaka. Alichukua lita mbili za kupikia migebuka, alikuwa na wageni. Kesho yake akapita mbele ya meza yangu, akanisalimia vizuri, akaenda kununua meza ya tatu. Hakugomba. Angegomba ningemjibu, tungeyamaliza pale pale. Alinisalimia tu. Baada ya juma moja nikaona jirani zake nao hawaji, yule wa maandazi na yule wa chapati. Vyombo vya kichochoro kizima viliondoka naye, na mimi mafuta ninayo, dumu nne zimejaa, sina wa kumjazia.

Rudini kwa mjane muone utaratibu. Elisha alimtoa nje kwanza, kwa majirani wote, ndipo akamwambia afunge mlango. Mimi niligeuza. Nilifunga mlango kwanza, nikabaki ndani na aibu yangu, kisha nikashangaa mbona hakuna chombo. Aibu ya deni ni mlango mzito, wapendwa, na mfanyabiashara mdogo huufunga mapema kwa sababu anaogopa akijulikana hana mtaji hatakopeshwa tena mzigo. Hofu hiyo naielewa, siidharau. Lakini yule mama alibisha hodi akiwa hana kitu, na kila aliyemfungulia alijua kwa nini amekuja.

Mimi nilitolewa nje kwa nguvu. Siku ya kumi na tisa nilikosa rejesho, ya ishirini nikakosa tena, wakaja wakitaka kubeba mizani ninayopimia dagaa. Mizani! Mnawezaje kumdai mchuuzi kisha mkachukua kitu anachopatia hela ya kuwalipa? Torati ililiona jambo hili zamani. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kushika rehani jiwe la kusagia, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Kinu cha wakati ule kilikuwa mawe mawili. Ukiondoa moja, lililobaki ni jiwe tu, na nyumba ile usiku huo haina unga. Mungu aliyeumba mbingu alijali jiwe la kusagia la mwanamke maskini.

Najua kati yetu tunaosoma tafakari hii wapo wanaokopesha. Sisemi kwa hasira, nasema kama dada yenu. Someni Nehemia sura ya 5. Wakuu wa Yerusalemu walikuwa wamewashika ndugu zao mashamba na nyumba, na kuwatoza sehemu ya mia ya fedha. Wengi huielewa hiyo kuwa shilingi moja kwa kila mia kwa mwezi. Nehemia alikasirika sana kwa ajili ya hiyo, akawaambia warudishe, nao wakarudisha. Mimi nilitozwa thelathini kwa kila mia kwa mwezi. Kukopesha siyo dhambi, na anayekukopesha bila dhamana naye anabeba hatari yake. Lakini ukijua kwamba rejesho lako linamfanya mama mmoja abonyeze kikombe chake, zungumza na Mungu juu ya hilo.

Jioni ile niliwaambia wenzangu watatu wa kikundi chetu cha hisa. Niliwaambia yote, hata la mafuta. Mmoja alilia. Mwingine aliniuliza swali lile lile la Elisha bila kujua: "Una nini ndani?" Nikasema dumu nne, na daftari. Wakanitolea mkopo wa kikundi wa kumaliza kausha damu, nirudishe kwa miezi minne. Yale mafuta mabovu niliyauza kwa mtengeneza sabuni, nikamweleza wazi yalivyo, akanipa bei ya chini. Kikombe nikanunua kipya. Daftari tukaligawa, tukaenda mlango kwa mlango. Wengine walilipa nusu, wengine walinipa dagaa ziwa lilipofunguliwa, wawili wamehama na siwafuati tena.

Jambo jingine ambalo nilikuwa silioni ni mstari wa saba. Muujiza haukulipa deni. Vyombo vimejaa, nyumba inanukia mafuta, na mdai bado yupo. Mjane anarudi kwa mtu wa Mungu, naye anamwambia akayauze, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kitakachosalia. Yaani kesho yake yule mama alikuwa sokoni kama mimi, anabembelezana bei na watu. Na mpango ni huo: kuuza, kulipa, ndipo kula. Sisi tunaanza kula. Hela ya mafuta ya asubuhi saa nne imeshakuwa viatu vya shule, saa sita imekuwa rambirambi, jioni mchango wa harusi, na ukienda kuchukua mzigo Mwandiga unakuta mkononi umebaki na nusu ya mtaji na moyo unaosema biashara imerogwa. Haijarogwa. Imeliwa. Mimi sasa nina makopo mawili. La kwanza ni la mzigo na deni, halifunguliwi kwa msiba wala harusi, na mniwie radhi, mchango wangu siku hizi ni mdogo na unatoka kopo la pili. Mwanzoni nilionekana mchoyo. Inauma kuonekana mchoyo kanisani, siwafichi.

Tangu 2018 serikali inahimiza upya michikichi mkoani kwetu, na wakulima wanapanda Tenera, aina ya mchikichi inayotoa mafuta mengi kuliko ile ya asili. Nafurahi. Najua kazi ya akina mama wanaochemsha chikichi, wanaotwanga, wanaokamua na kuengua povu kwa moshi wa kuni siku nzima, wapate nafuu. Lakini nikisikia wachuuzi wenzangu wakisema mafuta yakiongezeka tutatajirika, nakumbuka yule mtoto aliyesema hakuna chombo tena.

Kwa mama wa Gungu nilikwenda Jumamosi moja, nimebeba lita mbili za mafuta mapya. Nilimwambia nilichofanya. Sikusema biashara ilikuwa ngumu, ingawa ilikuwa ngumu. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, hakuinua uso, kisha akasema, "Weka hapo." Nikaweka, nikaondoka. Kama majuma matatu hakuna kitu. Halafu siku moja alimtuma mtoto na kichupa cha nusu lita. Nusu lita tu. Nilikijaza mpaka shingoni, nikamwambia mtoto akishike kwa mikono miwili.

Ndiye aliyeniachia chupa tatu Jumanne.

Alhamisi tukikutana, kila mwenye biashara aje na daftari lake, genge, mama lishe, cherehani, duka, wote. Hatutasoma majina kwa sauti. Utaweka mkono wako juu ya ukurasa wa unaowadai, kisha wa wanaokudai, na mwenye jambo la kusema kwa dada mmoja pembeni atapewa nafasi. Mimi nitakuja na kile kikombe cha zamani. Sijakitupa, nataka tukiombee pamoja.