Wazee Waliokosekana Mahakamani

Jana binti yangu alikuja na kazi ya shule: waeleze wazazi kwa lugha ya nyumbani Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yale yasemayo mtu halazimishwi kujishuhudia dhidi yake mwenyewe. "Baba, kukiri kosa si ndiyo kuomba msamaha?" Chai yangu ikapoa.

Nilikumbuka 2014, mimi mkalimani kwenye mahakama ya kaunti, kesi ya wizi wa dukani: toroli lililopita kaunta bila kulipiwa. Mshtakiwa ni mzee wa Bukavu, Kongo, alikuja kama mkimbizi, grini kadi anayo, mwaka wa saba Marekani. Wakili wa kupewa alishapatana na mwendesha mashtaka: mzee akiri, apewe kifungo cha nje cha miezi 12, aende zake.

Jaji hapokei kukiri hivihivi. Tangu kesi ya Boykin dhidi ya Alabama, 1969, kumbukumbu za mahakama lazima zionyeshe kwamba mtu amekiri kwa hiari na anajua anachokiachilia: haki ya kutojishuhudia, ya kuwakabili mashahidi, ya kuhukumiwa na baraza la raia. Ndiyo maana maswali huja moja moja. Umri? Umesoma mpaka wapi? Umemeza dawa yoyote? Kuna aliyekutisha?

Kwenye baraza ndipo nilipoteleza. Nilisema kama kamusi isemavyo, "baraza la wazee wa mahakama". Mzee akainuka taratibu, akavipa uso viti vitupu vya pembeni, akakutanisha viganja vyake.

"Nilikosa, bazee. Munisamehe."

Kalamu yangu ilisimama. Kwa Kiingereza neno hilo, "nilikosa", lina milango miwili. Mmoja ni hatia, na jaji angeiandika papo hapo. Mwingine ni radhi ya mtu mzima mbele ya wakubwa wa ukoo, ambayo kwetu huombwa hata na asiyekosa, ili mambo yaishe. Mkalimani hana ruhusa ya kueleza mzee amekusudia nini. Husema kilichosemwa, kwa nafsi ya kwanza. Nikasema: nilikosa, wazee, mnisamehe.

"Wazee gani?" jaji akauliza.

Kosa langu mwenyewe naruhusiwa kulirekebisha, tena kwa nafsi ya tatu: "Mkalimani anaomba kusahihisha tafsiri yake." Nikarudia: raia wa kawaida, wasiokujua, wanaoamua kama mashtaka yamethibitishwa. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Jaji alipofika kwenye uhamiaji, mzee alishtuka: si alikuwa anakwenda nyumbani? Wakili akafunga faili, akaomba dakika kumi. Katika Padilla dhidi ya Kentucky, 2010, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili lazima amweleze mteja asiye raia kuwa kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Na kwa sheria ya uhamiaji, wizi wenye kifungo cha mwaka mmoja huhesabiwa kosa zito, hata kifungo kikiwa cha nje na mtu hajalala ndani usiku mmoja. Walirudi na siku 364. Siku moja tu imepunguzwa, na mwendesha mashtaka hakubishana sana.

Mzee akakiri. Nje kwenye korido alinishika mkono.

"Mwanangu, na bale bazee? Batakuja lini?"

Karatasi ilikuwa imeshagongwa muhuri.